Ufundi wa Kumaliza Maneno

Kuna ufundi mmoja katika nchi ya Wasukuma ambao hauonyeshwi Nane Nane wala haufundishwi VETA, na wanaoujua hawana cheti cha kutundika ukutani. Ni ufundi wa kumaliza maneno: kuwachukua watu wawili waliokoseana hadi wakaacha kusalimiana, na kuwarudisha mahali ambapo mmoja anapita uani kwa mwenzake, anauliza "Mhola?" na kujibiwa "Mhola duhu." Wenye ufundi huo ni banamhala, wazee wa kiume wa kijiji, na pamoja nao bagikulu, wanawake wazee ambao mara nyingi wanakijua chanzo cha ugomvi kabla baraza halijakaa. Kwa miaka mingi nimependa kukaa nyuma ya mikusanyiko hiyo na kusikiliza. Nilichojifunza huko ni kwamba msamaha unaodumu hutengenezwa. Una hatua zake na vipimo vyake, na unaweza kutengenezwa vizuri au vibaya.

Tuchukue shauri la kawaida, la aina inayotokea kila kiangazi kati ya Shinyanga na Kahama. Mtu ana ngitili, yaani malisho ya akiba yanayofungwa mvua zinapokuwa zinanyesha ili nyasi ziwepo mwezi wa tisa na wa kumi, wakati kwingine kote kumebaki vumbi. Ng'ombe wa jirani wanaingia humo na kula kwa nusu siku. Mwenye ngitili anamkuta mtoto mchungaji amelala kivulini, anamchapa fimbo hadi anavimba. Jioni baba wa mtoto anasimama njiani na kutoa maneno mazito mbele ya watu. Sasa kuna makosa matatu: nyasi zilizoliwa, mtoto aliyepigwa, na matusi. Kila upande unajiona ndio uliokosewa.

Fundi huanza na muda. Hasira ikiwa bado mbichi wazee hawakai, kwa sababu anayesema kwa hasira huongeza kosa juu ya kosa. Lakini hawaachi siku zikapita nyingi hadi kila upande ukusanye ndugu wake na kujenga hadithi yake. Katika siku hizo za kusubiri, mzee mmoja hupita nyumba hii na ile kana kwamba ana safari zake. Anauliza hali ya mifugo, anamtazama mtoto mgongo, anasikia nani analala na chuki na nani amekwisha choka. Akifika barazani anajua uzito wa kila kitu, ila hasemi kwamba anajua.

Kisha kuna mpangilio wa kukaa. Watu huketi chini ya mti, na wagomvi hawawekwi uso kwa uso. Kila mmoja anawaelekea wazee, na maneno yake yanapita kwao kabla ya kumfikia mwenzake. Hakuna anayekatishwa. Anayelalamika husimulia tangu mwanzo, hata kama mwanzo wake ni mkopo wa jembe wa miaka mitatu nyuma. Mgeni anaweza kuona muda unapotea. Fundi anajua kwamba jembe lile huenda ndilo shauri lenyewe, na nyasi ni mahali lilipotokezea tu.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Msimuliaji akimaliza, mzee huyarudia maneno yake. Huyasema upya, taratibu, kwa mpangilio ulionyooka, bila ukali uliokuwamo lakini bila kuacha jambo hata moja, kisha humuuliza: "Ndivyo ulivyosema, baba?" Akisema bado, mzee hurekebisha na kuuliza tena. Hawaendi mbele mpaka mwenye maneno akubali kwamba amesikika kama alivyokusudia. Halafu upande wa pili hutendewa vivyo hivyo. Nimeona watu waliokuja wamekunja uso wakilegea hapo hapo, kabla faini haijatajwa wala kosa halijakubaliwa, kwa kuwa wamesikia uchungu wao ukitamkwa na kinywa cha mtu wanayemheshimu. Kurudia huko kunahitaji kumbukumbu ya hali ya juu na kujizuia kukubwa zaidi, maana mzee anayepachika maoni yake katikati ya maneno ya mwenye shauri amekwisha liharibu.

Baada ya hapo ndipo maswali huanza, na maswali mazuri ni mafupi. Uzio wa miiba ulikuwa mzima? Mtoto ana umri gani, na ng'ombe aliopewa ni wangapi? Ulipomkuta amelala, ulimwita baba yake? Hakuna swali linalouliza nani mbaya. Kila jibu huondoa sehemu ya ukungu hadi baraza zima, pamoja na wakosaji wenyewe, linaona jambo lilivyokuwa. Hapo mzee hunyamaza. Anasubiri mkosaji aseme mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba amekosa. Kukiri kunakotolewa kwa kushurutishwa wazee hawakuamini, na wanaweza kuahirisha kikao kwa sababu hiyo peke yake.

Kupima faini ni hesabu yenye undani. Faini, ambayo wengi huiita mchenya, inapaswa kuuma bila kuangusha nyumba. Ikiwa ndogo mno, aliyekosewa ataona amedharauliwa. Ikiwa kubwa mno, mkosaji atalipa huku akihesabu siku ya kulipiza. Kwa hiyo mara nyingi kiwango hutangazwa kikiwa juu, tuseme ng'ombe, na hapo ndugu na majirani wa mkosaji husimama kumwombea apunguziwe. Baraza hukataa, huombwa tena, hushuka hadi mbuzi. Asiyeelewa atadhani ni biashara. Lakini katika kuombewa huko mkosaji anajua kwamba bado ana watu, na waliomwombea wanabeba dhamana kwamba hatarudia. Aliyekosewa naye, anapokubali kushusha, anatoa kitu chake mwenyewe mbele ya wote. Msamaha wake umeanza kutoka mkononi kabla ya kutoka mdomoni.

Katika shauri letu fidia ya nyasi hulipwa kwa mwenye ngitili, fidia ya matibabu hulipwa kwa mtoto, na kwa matusi hutolewa mbuzi wa kijiji. Mbuzi huyo huliwa, na wagomvi wote wawili hula. Mkosaji anayelipa peke yake na kwenda zake ameadhibiwa tu. Anayekula nyama ya faini yake pamoja na aliyekosewa amerudi miongoni mwa watu. Mwisho mzee mmoja husimama na kulifunga neno: tangu leo, atakayelitaja jambo hili kisimani, mnadani au kwenye pombe, atalipa faini yeye. Kufunga huko ni sehemu ya kazi, kwa sababu maneno yaliyomalizwa yana adui mmoja mkubwa, naye ni mtu wa tatu anayependa kuyachokonoa.

Ufundi huu una historia ndefu, na umepita katika mikono mingi. Zamani kila utawala wa Kisukuma ulikuwa na ntemi wake, yaani chifu, na chini yake banangwa, wakuu wa vijiji, na basumba batale, viongozi wa vijana. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alikusanya sheria za mila za Wasukuma na kuzichapisha mwaka 1953. Kitabu chake ni hazina ya mahari, urithi na fidia. Mwishoni mwa muongo huo huo Ray Abrahams wa Cambridge alifanya utafiti Kahama, na aliona jinsi ujirani wenyewe ulivyokuwa mahakama: majirani wakisikiliza kosa, wakitoza faini ya kula pamoja, na kumtenga yule aliyekaidi. Kanuni ziliandikika na wataalamu hao waliziandika vizuri. Mkono wa fundi, ule wa kujua ni wakati gani wa kunyamaza, ulibaki kwa wazee.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kaya zilizotawanyika na kuwaweka pamoja, na wengi walijikuta na majirani wasiowajua. Baada ya vita vya Kagera silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa damu. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kahama, wanavijiji walijipanga kuwa sungusungu, kwa jina la siafu weusi wanaouma. Walikuwa na pinde na mishale, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kilitoka. Walienea haraka Shinyanga, Mwanza na Tabora, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili wapate nguvu ya kisheria. Watu wengi huwakumbuka kwa mishale. Mimi nawakumbuka pia kwa namna walivyorithi baraza la zamani na vyeo vyake, hata kiongozi wao wakamwita ntemi.

Silaha yao kali kuliko mshale ilikuwa kutenga. Aliyetengwa hasalimiwi. Hapewi moto wala maji, mashine ya kusaga inamkataa, na anayevunja katazo kwa kumhurumia naye hulipa. Ni adhabu ya kutisha, na imetumiwa vibaya mara nyingi, hata kwa wajane na familia zisizo na watetezi. Viongozi wa serikali wameikemea, na wana haki. Lakini katika baraza lililoongozwa na wazee hodari, siku ya kumtenga mtu ndiyo siku ilipotajwa njia yake ya kurudi: lipa hiki, sema hili, njoo na mtu wa kukusimamia. Tofauti kati ya fundi na mwonevu iko hapo. Mwonevu anafurahia kufunga, fundi anaweka wazi namna ya kufungua.

Matunda ya kazi hii yanaonekana kwa macho, yamesimama ardhini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, mkoa ulikuwa umeitwa jangwa la Tanzania kwa jinsi miti ilivyokatwa, na ngitili zilizofahamika zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wataalamu wa misitu walileta maarifa yao, na wanastahili sifa. Lakini ngitili haina walinzi wa kulipwa. Ililindwa na dagashida, mkutano mkuu wa kijiji ambao ulitunga kanuni, ukasikiliza kesi za waliozivunja, ukatoza na ukasamehe. Kila ngitili iliyosimama ina nyuma yake mashauri kama lile la mtoto na ng'ombe. Kama yangemalizwa kwa fimbo au kwa kesi ya miaka minne mjini, uzio wa miiba usingetosha.

Ukivuka kwenda Geita, kwenye machimbo ya Mgusu, Rwamgasa na Nyarugusu, ufundi huo unakutana na mtihani mwingine. Hapo Msukuma amechanganyika na Mzinza, Msumbwa, Muha, Mhaya na Mkurya. Hakuna mzee anayemjua babu wa mtu. Watu huja na rashi, yaani wimbi la kukimbilia dhahabu mpya, na dhahabu ikionekana kwingine hutoweka kwa usiku mmoja. Ugomvi wao mkubwa ni mtobozano: timu mbili zinafuata mwamba mmoja kutoka maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, na chini gizani, kwa taa za kichwani, zinatoboana. Kila upande unasema mwenzake ameingia kwake. Juu kuna mwenye leseni, wenye maduara, na vijana walioshuka bila mshahara wakitegemea mgao wa mifuko ya mawe. Mfuko mmoja unaweza kuwa na ada ya shule ya mwaka mzima au usiwe na kitu.

Nawastahi wasimamizi wanaomaliza maneno ya namna hiyo, kwa sababu wanatengeneza kwa haraka kitu ambacho kijiji hukitengeneza taratibu. Wanasimamisha kazi pande zote mbili kwa wakati mmoja, asiwepo anayechimba huku mwenzake akingoja. Wanapima kwa kamba juu na chini, mbele ya mashahidi wa kila timu. Mifuko iliyokwisha tolewa inahesabiwa, inapelekwa karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe, pande zote zikitazama, na mgao unafanyika palepale, maana ahadi ya kesho machimboni haina bei. Jambo likiwazidi wanalipeleka kwa Afisa Madini Mkazi, wakiwa na vipimo vyao mkononi. Mwisho kuna nyama choma kwa mama lishe, na yule aliyeshindwa ndiye anayehudumiwa kwanza. Hakuna aliyewafundisha hilo la mwisho. Wamelitoa vijijini kwao.

Hata Kanisa Katoliki linaijua hatua hii ya kutengeneza kwanza. Februari 26, 2023, mtu mmoja aliingia katika Kanisa Kuu la Geita na kuharibu misalaba, sanamu na vitu vingine vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa kwa siku 20, hadi Machi 18, na waamini wakaingia katika sala za malipizi. Sheria ya Kanisa inaagiza hivyo: mahali patakatifu palipotiwa unajisi hapatumiki kwa ibada mpaka madhara yatengenezwe kwa ibada ya toba. Waamini wangeweza kufagia vigae na kuendelea na misa Jumapili iliyofuata. Waliambiwa wangoje, wasali, watengeneze, ndipo warudi. Ni njia ileile ya banamhala, kwa lugha nyingine: muda, ukweli uliosemwa wazi, fidia, kisha karamu.

Ufundi wowote una mipaka, na fundi wa kweli anaijua kuliko mtu mwingine yeyote. Kuna mashauri ambayo baraza la wazee halina haki ya kuyamaliza. Binti wa shule aliyebebeshwa mimba, ambaye baba zake wanapokea ng'ombe na kunyamaza, hajasamehe chochote, kwani hakuulizwa. Bibi kizee anayeitwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni hana kosa la kuombea msamaha. Damu za watu wenye ualbino zilizomwagwa katika ukanda huu haziwezi kufunikwa kwa nyama ya mbuzi. Mbele ya mambo hayo mzee hodari huinuka na kuwapeleka watu polisi na mahakamani, na namhesabu kuwa fundi zaidi kwa kufanya hivyo. Hali kadhalika aliyekosewa hasukumwi. Nimesikia mzee akimwambia mjane mbele ya umati, "Mayu, ukisema bado, ni bado," na kikao kikaahirishwa. Msamaha ulioporwa ni kosa jipya.

Sheria za nchi kwa sehemu kubwa zimeitambua kazi hii. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zikuze usuluhishi baina ya wanaogombana na zitoe fidia ipasavyo kwa waliokosewa. Ibara ya 45 inampa Rais uwezo wa kusamehe, kupunguza au kufuta adhabu. Mabaraza ya Kata yalianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985, kazi yake ya kwanza ikiwa ni kuleta amani kwa kupatanisha. Mwaka 2021 sheria ya migogoro ya ardhi ilirekebishwa: Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linapatanisha tu, na likishindwa linathibitisha hivyo ili shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila uthibitisho huo. Wengi waliona mabaraza yamepokonywa nguvu. Mimi naona yamekabidhiwa kazi ngumu zaidi. Kuhukumu kunahitaji mamlaka. Kupatanisha kunahitaji ufundi, na ufundi hautoki kwenye gazeti la serikali.

Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Hilo ni jambo jema ambalo baraza la zamani lililikosa: bagikulu walijua mengi na walinong'oneza mengi, lakini waliofunga neno walikuwa wanaume. Tangu wanawake walipokaa kwenye viti hivyo nimesikia maswali ambayo hayakuwa yakiulizwa, hasa juu ya watoto na juu ya shamba la mke. Kurudia maneno kwa uaminifu, kupima faini na kungoja kukiri ni mambo wanayoyafanya kwa ustadi uleule, na baraza limekuwa bora kwa kuwapokea.

Kinachonipa wasiwasi ni uanagenzi. Wazee waliokulia chini ya miti hiyo wanaondoka mmoja mmoja, na vijana wako machimboni, Kahama mjini, kwenye bodaboda. Wajumbe wapya hupewa semina ya siku moja yenye vifungu vya sheria, ambavyo ni lazima wavijue, kisha wanatazamiwa wapatanishe. Kila kijiji kingeweza kufanya jambo dogo: kila baraza linapokaa, kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike waketi karibu na mzee anayerudia maneno, na baada ya kikao waulizwe wayarudie wao. Wakikosea wasahihishwe. Wafanye hivyo msimu hadi msimu, mpaka siku mwenye shauri atakapoulizwa na kijana, "Ndivyo ulivyosema, baba?" naye akubali kwamba ndivyo. Mtendaji wa kijiji aandike makubaliano yote kikamilifu, pamoja na sababu za kupunguza faini, ili kazi nzuri iwe na kumbukumbu ya kusomwa. Hayo hayahitaji mfadhili wala jengo. Yanahitaji tukubali kwamba kupatanisha watu ni kazi ya kujifunza kwa miaka, na kwamba wanaoijua vizuri wanastahili heshima ileile tunayompa fundi yeyote aliyebobea.